Tahadhari Isiyosomeka Si Tahadhari

Mpenzi msomaji, bila shaka umewahi kuketi katika kipindi cha uandishi wa kiuamilifu ukaambiwa uandike tahadhari. Ukachora kisanduku, ukaandika HATARI! kwa herufi kubwa, ukataja umeme au mbwa mkali, daftari likasahihishwa, basi. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilidhani tahadhari ni jambo la mtihani tu, la kutafutia alama ishirini za insha. Mwaka jana mamangu, aliyeachia masomo darasa la tano, alinisahihishia tahadhari yangu bila kalamu nyekundu, na somo lile sijapata kulisahau. Nimeonelea niwagawie wanachama wenzangu, maana wahenga walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari.

KISA CHENYEWE

Sisi twakaa Mishomoroni. Ilipokaribia Idd, Mama alikwenda sokoni kutafuta nguo. Upande wa mitumba alimkuta kijana mmoja ametandaza gunia chini, na juu ya gunia vichezeo vya kila aina vilivyotoka katika belo la ng'ambo. Mama akapendezwa na kigari chekundu cha plastiki. Ukikibonyeza paa, kinawaka taa na kuimba. Bei ilikuwa shilingi mia na hamsini, wakapatana kwa mia. Mdogo wangu, mwenye umri wa miaka miwili, alikipenda mno. Alikula nacho, akalala nacho.

Kiasi cha miezi mitatu baadaye, Mama mdogo anayeishi Uingereza alitupigia simu ya video kutujulia hali. Katikati ya mazungumzo, mdogo wangu akapita mbele ya simu akiwa na kigari chake mkononi. Mama mdogo akanyamaza ghafla.

"Dada, hicho kigari mmekitoa wapi?"

"Sokoni. Kwani wakitaka? Nikutumie?" Mama alimjibu akicheka.

Mama mdogo hakucheka. Alisema ameiona picha ya kigari kama hicho imebandikwa ukutani katika duka analonunulia vitu vya nyumbani. Watengenezaji wamewaomba watu wakirudishe, kwa sababu kifuniko cha betri hufunguka ovyo, na mtoto akimeza betri yaweza kumwua.

Mama alijibu kwa dharau kidogo. "Nyinyi mliokwenda huko mmekuwa waoga! Sisi tulicheza na magari ya makopo yenye makali, na misumari, na twaishi mpaka leo."

"Dada, kigeuze tu. Tazama chini."

Mama akakigeuza. Pale penye skrubu palikuwa na tundu tupu. Kifuniko kilikuwa kimeshikiliwa kwa kipande cha selotepu kilichochakaa. Mama akakifungua kwa ukucha. Nafasi za betri zilikuwa tatu, zile ndogo za duara kama za saa. Betri zilizokuwamo zilikuwa mbili.

Sijapata kumwona Mama akibadilika uso namna ile. Aliliweka simu chini bila kuikata, akapiga magoti, akamshika mtoto mashavu. "Baba, umekula nini? Umemeza kijiwe cha kigari?"

Mtoto wa miaka miwili hujibu "ndiyo" kwa kila swali. Akasema, "Ndiyo."

Tulichukua tuktuk usiku ule ule, tukavuka daraja la Nyali kwenda hospitali kisiwani. Mama alimshika mtoto kifuani njia nzima, kila mara akimwekea sikio kusikiliza anavyopumua. Mdogo wangu alikuwa akifurahia taa za daraja. Tulipofika, tukaeleza, akapigwa picha ya eksirei. Nilikaa kwenye benchi nikihesabu vigae vya sakafu. Hatimaye daktari akatoka akasema tumboni na kooni hamna kitu. Mama aliketi chini pale pale, kwenye sakafu, akalia.

Betri ya tatu tuliiona baada ya siku mbili. Mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa ameichukua kuwashia tochi yake ndogo.

BETRI NDOGO YAFANYA NINI

Hapa yafaa nieleze alivyotufahamisha daktari, kwani wengi wetu twadhani betri ikimezwa itatoka yenyewe kama mbegu ya ukwaju. Betri ya duara ikikwama kooni, mate huufanya umeme wake upite katika nyama ya koo. Umeme huo huzalisha kemikali kali inayochoma nyama, na madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa mbili tu. Zilizo hatari zaidi ni zile pana kidogo, zenye kipenyo cha milimita 20, karibu na sarafu yetu ya shilingi tano, kwa sababu hizo ndizo zinazokwama kwa urahisi. Hata betri iliyokwisha nguvu ya kuwasha taa yaweza kubaki na nguvu ya kuunguza.

Dalili zake hudanganya. Mtoto hukohoa, hutokwa na mate, hukataa kula, nawe ukadhani ni mafua. Ukishuku kuwa amemeza, usimtapishe wala usingoje dalili. Mpeleke hospitali upesi, useme neno "betri" tangu mlangoni, ili apigwe picha mara moja.

KUITWA KURUDI NI NINI

Katika nchi nyingi, kampuni ikigundua kuwa kitu ilichokwisha kuuza kina hatari, hutoa habari kwa umma kwamba walionacho waache kukitumia, wakirudishe, na warudishiwe pesa au wapewe kingine. Mfano uliovuma sana ni wa mwaka 2007. Mwezi wa Agosti mwaka huo, kampuni ya Fisher-Price, iliyo chini ya Mattel ya Marekani, iliita kurudi vichezeo vipatavyo milioni 1.5 duniani kwa sababu rangi yake ilikuwa na madini ya risasi kupita kiwango. Kabla ya mwezi kwisha, Mattel ikaita vingine zaidi ya milioni 18 kwa sababu ya sumaku ndogo zinazoweza kubanduka. Mtoto akimeza sumaku mbili, huvutana ndani ya matumbo zikayatoboa. Mwaka uliofuata, 2008, Marekani ikapitisha sheria kali zaidi kuhusu bidhaa za watoto.

Risasi si jambo la mbali kwetu watu wa bara ya Mombasa. Kule Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, hadi kilipofungwa mwaka 2014. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mchanga alidhurika, aliongoza kupigania haki ya wakazi. Mwaka 2015 alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Hivyo kichezeo cha zamani chenye rangi inayobambuka si cha kutiwa kinywani.

Hata hivyo, tusidhani kuwa wenzetu wa ng'ambo wakitangaza basi kila mtu husikia. Mwezi wa Aprili 2019, Fisher-Price iliita kurudi vitanda vya kulaza watoto wachanga vipatavyo milioni 4.7 baada ya vifo vya watoto zaidi ya 30. Januari 2023 ikabidi vitanda hivyo hivyo viitwe mara ya pili, maana iliripotiwa kuwa angalau watoto 8 wengine walikufa baada ya tangazo la kwanza. Hayo yalitokea Marekani, penye televisheni na barua na risiti. Kitu kikishapita kutoka nyumba moja hadi nyingine, habari yake hupotea njiani. Je, kikivuka bahari ndani ya belo?

KWA NINI HABARI HAIKUFIKA MISHOMORONI

Tuliporudi kutoka hospitali, hasira ya Mama haikuwa juu ya mtoto wala juu ya kigari. Alisema hivi: "Kule habari imebandikwa ukutani. Huku kigari kimekuja, habari yake imebaki. Vipi gari lisafiri mpaka Mombasa na onyo lake lisisafiri?"

Nililifikiria swali hilo siku nyingi, nikaona majibu matatu. La kwanza, mtumba hauna risiti. Anayetaka kukurudishia habari hajui jina lako wala mtaa wako. La pili, muuzaji mwenyewe hajui anachouza. La tatu ndilo linalotuhusu sisi wa Chama cha Kiswahili. Chini ya kile kigari palikuwa na maandishi madogo mno kwa Kiingereza, Kijerumani na lugha nyingine nisizozijua. Kando yake palikuwa na duara lenye uso wa mtoto, tarakimu 0-3, na mstari uliolikata. Maana yake ni kwamba kichezeo hicho hakifai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Nilipomwonyesha Mama alishangaa. "Mimi niliuona uso wa mtoto, nikadhani ni alama ya kuwa ni cha watoto wadogo!"

Ama kweli, alama iliyowekwa kumzuia ndiyo iliyompa moyo wa kununua.

Si kwamba nchi yetu haina ulinzi. Shirika la Viwango la Kenya lilianzishwa mwaka 1974, na kazi yake moja ni kukagua ubora wa bidhaa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, kupata habari anazohitaji, na kulindwa afya na usalama wake. Kifungu cha 7 chasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Unganisha vifungu hivyo viwili, msomaji, utaona kuwa habari ya hatari kwa Kiswahili ni jambo la haki. Lakini haki haina miguu. Yahitaji mtu wa kuitembeza.

KWA MUUZAJI

Siku ya pili Mama alinichukua tukarudi kwa yule kijana. Nilidhani atamfokea. Alimwamkia, kisha akamweleza yote tangu simu mpaka eksirei. Kijana alishika kichwa. Alikuwa amepata vigari saba katika belo lile. Vinne vilikuwa bado vipo kwenye gunia, kimoja ndicho chetu, viwili aliviuza asijue kwa nani.

"Mamangu," alisema, "mimi belo nalinunua limefungwa. Nikilikata ndipo nijuapo kilichomo. Sasa nikivitupa hivi vyote, pesa yangu nani atanirudishia?"

Mama hakuwa na jibu, na mimi sina mpaka leo. Kule ng'ambo hasara ya kitu kilichoitwa kurudi huibeba kampuni. Huku humwangukia kijana mwenye gunia moja. Mama hakudai mia yake. Alimwomba avitoe betri vile vinne mbele ya macho yetu, aviuze bila sauti wala taa, hata kama bei itashuka. Kijana akakubali. Betri tukazifunga zote kwa selotepu, tukazitia mkebeni. Kisha Mama akanigeukia. "Wewe si ndiwe msomi wa Kiswahili? Andika karatasi tuwatafute wale wawili."

SOMO LA KUANDIKA

Nilikwenda nyumbani nikaandika kwa fahari kama nilivyofunzwa:

TANGAZO. Wazazi wote wanaarifiwa kwamba kichezeo aina ya kigari kimerejeshwa na watengenezaji kutokana na kasoro ya kiusalama. Umma unashauriwa kuchukua tahadhari ifaayo.

Nilimsomea Mama nikingoja sifa. Alisikiliza, akaniuliza maswali manne.

Kwanza: "Kimerejeshwa wapi? Mimi nikisoma hivyo najua kimekwisha kurudi, hatari imepita. Kumbe kiko mvunguni mwa kitanda changu!" Nilinyamaza. Kitenzi nilichokitumia, cha kutendwa tena cha hali timilifu, kilisema kazi imekwisha ilhali haijaanza. Hata ule usemi wa magazeti, "kuondolewa sokoni", una ila hiyo hiyo. Kitu kilichokwisha kununuliwa hakiko sokoni tena.

Pili: "Kasoro ya kiusalama ni nini? Kigari kimeibwa?" Kwa watu wengi mtaani, usalama ni polisi na wezi. Neno ni sahihi, lakini halikumwambia kuwa ni betri, wala kuwa betri yaua.

Tatu: "Tahadhari ifaayo ni ipi? Nikifika nyumbani, mikono yangu ifanye nini?"

Nne: "Umewaandikia wazazi. Mchana mimi niko kazini. Mtoto yuko na nyanyake, na watoto wa jirani. Hao hukuwaandikia."

Nikaichana karatasi, nikaandika upya. Mama alikuwa kando yangu akikata maneno:

HATARI! BETRI YA KIGARI HIKI YAWEZA KUMWUA MTOTO
Je, mna kigari chekundu cha plastiki kinachoimba ukikibonyeza paa, kilichonunuliwa mtumba wakati wa Idd?
Wewe uliye na mtoto sasa hivi:
1. Mnyang'anye, hata akilia.
2. Kigeuze chini. Hesabu betri. Zatakiwa ziwe TATU.
3. Zikipungua na huioni iliyopotea, mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Usimtapishe. Sema: "Huenda amemeza betri."
4. Zikiwa tatu, zitoe, zifunge kwa selotepu, ziweke mbali na watoto.
Ukiwa nacho, tuambie nyumbani kwetu au dukani penye karatasi hii.

Tarehe na mtaa tukaviandika chini. Tulibandika nakala dukani, kwenye bomba la maji na mlangoni mwa madrasa, na Mama akaisoma kwa sauti katika chama chao cha akina mama, kwa ajili ya wasiosoma.

Kutokana na kazi hiyo nimejifunza kanuni hizi, nami nawaachia wenzangu:

(a) Taja hatari kwanza, na uitaje kwa jina lake.
(b) Eleza kitu kwa jinsi macho yanavyokiona, yaani rangi, sauti na umbo. Jina la kampuni huenda limekwisha kufutika. Panapokuwa na nambari ya toleo, iandike. Mwezi wa Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya ilipoagiza dawa moja ya kikohozi cha watoto iondolewe sokoni, ni nambari ya toleo iliyoitenganisha na chupa nyingine.
(c) Tumia vitenzi vya kuamuru, na uvipange kwa utaratibu wa kazi.
(d) Mwandikie aliye karibu na hatari, hata kama ni mtoto wa darasa la tatu.
(e) Msomee mtu asiyefuata masomo yako kabla hujabandika. Akiuliza swali, kosa ni lako.

HITIMISHO

Baada ya siku nne mama mmoja wa mtaa wa pili alikuja na kigari mkononi, kifuniko kimekwisha kupotea, betri zikionekana kama meno. Alikuwa ameisikia karatasi ikisomwa, hakuisoma mwenyewe. Alimshika Mama mkono kwa muda mrefu bila kusema neno.

Hicho kilikuwa cha sita. Cha saba hatujakiona mpaka leo. Mama bado huwageuza watoto wa watu njiani kutazama wameshika nini, na watu wamezoea.

Kwa hivyo, msomaji mpenzi, ukifika nyumbani leo, chukua kila kichezeo kinachowaka au kuimba, ukigeuze. Tazama kama skrubu ipo. Chochote kinachoweza kupita ndani ya bomba la karatasi ya chooni hakifai mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Kama palipoandikwa ni pa lugha ya kigeni, mfasirie mamako. Elimu yetu ya Kiswahili ina faida gani ikiwa haivuki geti la shule?

ZOEZI

1. "Bidhaa imerejeshwa" na "Irudishe bidhaa hii" zina tofauti gani kwa msomaji aliye nyumbani? Eleza ukizingatia hali ya kitenzi.
2. Tafuta kichezeo, dawa au kopo lenye onyo la Kiingereza. Andika onyo hilo kwa Kiswahili kwa maneno yasiyozidi 30, kisha msomee mtu mzima wa nyumbani. Andika maswali aliyokuuliza.
3. Jadilini darasani: muuzaji wa mtumba akiambiwa kuwa bidhaa yake ina hatari, hasara yake aibebe nani?

Mwanachama, Kidato cha Tatu